Mikonge Kwenye Kona ya Zamani

Lami mpya iliponyoosha barabara ya kuingilia mjini Nyamira, kona ya zamani iliachwa kama ngozi ya nyoka. Majani yaliipasua, takataka zikaijaza. Mwishowe wakazi walikubaliana pawe bustani ya kila mtu, wakamwita Oyugi aipande.

Oyugi alitoka kando ya ziwa, akatunza maua ya hoteli moja hapa mjini mpaka hoteli ikafungwa. Ni mtu wa maneno machache, lakini huongea na mche kabla ya kuufukia. Kazi hii aliipokea kama mgonjwa anavyopokea uji.

Jioni ya kuamkia ufunguzi, wasiwasi ulimjia: ng'ombe. Wangekanyaga kila ua. Akachimbua mikonge michanga kichakani, akaipanda mistari kwa mistari kuzunguka matuta, kama wanavyozuia mifugo kwao.

Asubuhi watu walikuja, lakini hakuna aliyeingia. Walisimama ukingoni. Wengine walishika mapanga.

"Umempimia nani?" aliuliza Nyangate, mama muuza ndizi.

"Kupima nini, mama?"

"Usinichezee. Mkonge ni mpaka. Hizi ploti ni za nani?"

Oyugi akaitazama mistari yake upya. Huku vilimani, ambako mashamba yamegawanywa hadi ndugu wakabaki na upana wa kitanda, mkonge haupandwi ovyo. Ukionekana, mtu amechukua. Na asiyeupanda hathubutu kuung'oa.

"Nilizuia ng'ombe tu." Sauti ilimtoka nyembamba.

"Ng'ombe wako wana hati ya shamba?" mtu akadakia. Watu wakacheka, lakini mapanga hayakushuka.

Duncan, mwenyekiti wa wakazi, akamnong'oneza, "Ing'oe mwenyewe, Oyugi. Mimi siigusi."

Akapiga magoti. Miiba ilimchana viganja. Kila mkonge alioung'oa aliuinua juu, wauone, ndipo akautupa. Hakujua kama wangemwacha amalize. Alipofukia shimo la mwisho na kusimama, watu walikuwa bado ukingoni.

Nyangate akatua beseni lake la ndizi. Akavuka palipokuwa na mstari, polepole, kama anayepima kina cha mto, akaketi kwenye benchi.

"Wewe Mjaluo, keti. Ukisimama hivyo naona bado unalinda."

Oyugi akaketi kwenye ncha ya benchi, mikono ikivuja damu magotini. Hakugeuka. Alisikiliza tu kama kuna miguu mingine inayoingia.