Robo ya Mama

Mimi na hesabu tuliachana nikiwa darasa la tano, bila hata kuagana. Nilisema tu siku moja, "Hesabu si yangu," na watu wazima wa kwetu wakakubali upesi, kana kwamba walikuwa wakingoja niseme. Tangu siku hiyo hakuna aliyenisumbua tena, na mimi sikujisumbua.

Kwa hiyo msichana wangu wa gredi ya nne alipoingia kwenye kibanda changu cha ushonaji hapa Emali, akatupa begi juu ya vitambaa na kusema, "Mama, mimi hesabu si yangu," niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kuliko siku aliyopata malaria. Malaria ina dawa. Maneno hayo nayajua, nimeishi nayo, na sikutaka mtoto wangu ayarithi.

Zoezi lenyewe lilikuwa dogo. Kitabuni kulikuwa na picha ya keki ya mviringo. Watu wanne wanagawana keki hii. Chora sehemu ya kila mmoja, kisha andika kila sehemu ni nini. Yeye alikuwa amechora kipande kimoja kikubwa, cha pili kikubwa kidogo, cha tatu cha wastani, na cha nne chembamba kama kidole. Juu yake mwalimu alikuwa ameweka alama nyekundu ya kosa na kumwambia arudie nyumbani na mzazi. Alikuwa amerudia peke yake wakati wa mapumziko. Vipande vilevile, alama ileile.

Hasira zangu haziko mbali, hilo mtaa mzima unajua. Nilimweleza kwamba vipande viwe sawa. Akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa, akachora, na kile kidole kikatokea tena. Nikaeleza mara ya pili kwa sauti ya juu zaidi, kana kwamba shida ilikuwa masikio. Mteja aliyekuja kuchukua sketi alijifanya anaangalia malori barabarani.

Ndipo nikachukua kipande cha kitambaa, nikakikunja mara mbili na kukikata. Hiyo ndiyo kazi yangu, naifanya hata nikiwa nimesinzia.

"Hizi ni ngapi?"

"Nne."

"Ziko sawa?"

"Ziko sawa."

"Haya, keki ni hivyo hivyo!"

Akaniangalia kwa huruma. "Mama, hiyo ni kitambaa. Kitambaa haina Baba."

Nilidhani ni kiburi. Nikamwambia afunge vitabu.

Asubuhi iliyofuata akasema tumbo linamuuma. Mtoto huyu huwahi shuleni kabla ya mlinzi kufungua lango. Lile tumbo nililijua vizuri sana, maana na mimi niliwahi kuwa nalo, na liliisha siku nilipoacha kutafuta majibu.

Nikajifunga kibwebwe nikaenda shuleni. Njiani nilikuwa nimepanga hotuba kamili: kwamba siku hizi mzazi ndiye anasomeshwa, kwamba nina nguo za watu za kushona, kwamba kama mtoto haelewi basi anayelipwa kufundisha aseme kwa nini. Mwalimu ni msichana mdogo, angeweza kuwa mdogo wangu. Alinisikiliza mpaka hotuba ikaniishia mdomoni.

"Mama, pole," akasema. "Lakini usimwonyeshe tena. Muulize tu akueleze vile alifikiria. Halafu unyamaze."

"Ninyamaze?"

"Eeh. Hapo ndipo wazazi hushindwa."

Nilitoka pale nimekasirika zaidi, maana alikuwa amenijua kwa dakika chache tu.

Jioni, kabla ya chakula, niliketi na msichana wangu nje ya jikoni. Mama mkwe wangu, ambaye mtoto humwita Susu, alikuwa kando yetu akichagua ndengu kwenye ungo. Nilimfungulia mtoto ukurasa ule na kumwambia, "Nieleze vile ulifikiria." Akanyamaza. Nami nikanyamaza, na Mungu anajua nilivyouma ulimi. Maneno yalinijia yote na nikayameza moja moja. Mwishowe akaweka kidole kwenye kile kipande kikubwa.

"Hii ni ya Baba, juu yeye hutoka garage akiwa amechoka. Hii ni ya Susu. Susu ni mzee, huwezi kumpea kidogo. Hii ni yangu. Na hii ni yako."

Yangu ilikuwa ile nyembamba.

"Mbona yangu iko hivyo?"

"Si wewe husema umeshiba?"

Mama mkwe akaacha kuchagua ndengu.

Nilicheka. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na sikujua kama yote yalikuwa ya kicheko. Mzigo wote ulinitoka mabegani pale pale. Mtoto wangu hakuwa na shida ya kichwa hata kidogo! Alikuwa ameona sawasawa vile mwiko wangu unavyotembea kila jioni, akachora vivyo hivyo bila kukosea. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu nilikuwa nimemlea mbele ya sufuria.

"Sikiza," nikamwambia. "Hao watu wa kitabu, hatujui ni akina nani. Hakuna mkubwa."

"Hakuna Baba?"

"Hakuna."

"Hakuna Susu?"

"Hata Susu hayuko."

Akafikiri kidogo. "Na mama hayuko?"

"Mama pia hayuko."

"Aah. Basi hiyo ni rahisi."

Akachora mstari wa kushuka na mstari wa kukata katikati, akaandika moja juu ya nne, yaani robo, kwenye kila kipande, kisha akajitungia mwenyewe keki ya watu wanane. Sikumsaidia chochote. Kesho yake tumbo halikuuma, na mchana akaja kibandani akikimbia na daftari limefunguliwa, alama ya vema ikionekana kutoka barabarani. Kwa mara ya kwanza wiki hiyo nilikula chakula cha mchana nikasikia ladha.

Jumamosi babake alirudi na tikiti maji kubwa. Msichana akaomba kisu.

"Leo nagawa mimi," akasema, "na nagawa ya shule."

Vipande vinne, sawa sawa. Babake akageuza chake huku na huku, akauliza kama amefutwa kazi ya ubaba. Mama mkwe akamwambia, "Wacha mtoto agawe," na akaanza kula bila maneno mengine.

Mimi mkono wangu ulikuwa tayari umeanza kusukuma kipande changu kwenye sahani ya mtoto. Hata sikuwa nimefikiri. "Mimi nimeshi—"

"Haiwezi, Mama," akasema, akakirudisha mbele yangu. "Ukitoa, yako haitakuwa robo."

Basi nikala. Nikala robo yangu yote mpaka kwenye ganda, maji yakinitiririka hadi kiwiko. Nilikuwa nimesahau kwamba napenda tikiti maji.