Nyumba ya Mama Mkwe Ilipoacha Kukandikwa

Mimi ni mtoto wa wakulima wa Endamarariek. Nilikulia katikati ya mahindi na mbaazi, na mpaka leo nikiona udongo mwekundu umelowa mvua, mikono inawasha. Kisha nikaolewa Endulen, ndani ya hifadhi, ambako jembe halina kazi. Kulima hakuruhusiwi. Ukipanda hata shina la boga nyuma ya nyumba utaambiwa uling'oe, na utaling'oa.

Uchumi wetu ni rahisi kuueleza. Ng'ombe wanateremka kwenda mnadani, unga unapanda kutoka Karatu. Mvua ikigoma ng'ombe wanakonda, bei yao inaanguka, na unga unabaki pale pale ulipokuwa. Magari ya watalii yanapita barabara kuu na kamera zao juu, nasi tukiwa safarini kwenda kununua sembe tunapungiwa mikono. Zamani nilikuwa napunga pia.

Serikali nayo si haba. Tuna mwenyekiti wa kijiji, mtendaji, diwani, halmashauri iliyo mbali ng'ambo ya tambarare, na mamlaka ya hifadhi juu ya yote hayo, au pembeni yake, sijui. Nilipoolewa nilikuwa nauliza nani hasa mwenye neno la mwisho. Niliacha kuuliza nilipoona kila ninayemuuliza ananielekeza kwa mwingine.

Mama mkwe wangu alikuja huku akiwa mgongoni kwa mama yake. Wazazi wake walikuwa wakiishi kwenye tambarare za Serengeti, wakaambiwa kabla ya uhuru kwamba kule sasa ni kwa wanyama, wahamie upande huu. Habari hiyo huisimulia kwa sentensi chache tu, kama mtu anayekueleza njia ya kwenda kisimani. Hasemi aliumia. Mtoto wa mgongoni hajui, anasema, yeye alikuwa amelala.

Kwa hiyo mume wangu alipoanza kuzungumza habari ya kuhama, mama yake hakushtuka. Kulikuwa na mpango wa hiari: anayetaka anajiandikisha, anapewa nyumba ya bati na eneo la kulima, mbali, katika wilaya nyingine kabisa. Mume wangu ni Mmaasai aliyesoma Arusha mpaka kidato cha nne, na alikuwa amechoka kuwauza ng'ombe wake mmoja mmoja ili watoto wale ugali. Mimi nilisikia neno moja tu katika yote aliyoyasema. Nilisikia shamba. Niliyatamani yale mahindi waziwazi, bila aibu, kabla hata hajamaliza kueleza.

Maofisa wa mpango huo walikuja asubuhi moja kuandikisha familia, vijana wawili wenye adabu, na kishikwambi cha kupigia picha. Wakapiga picha zizi, wakapiga nyumba yangu, wakapiga nyumba ya mama mkwe. Mmoja akauliza nyumba ni za nani. Mume wangu akajibu, "Zote zangu."

Hapo lazima nieleze jambo, maana hata mimi lilinichukua miaka kulielewa. Kwetu Endamarariek nyumba ni ya baba. Kwa Wamaasai mwanamke ndiye anayejenga. Anakata fito, anazisuka, anakandika kuta na paa kwa mavi ya ng'ombe na udongo, na kikishasimama kile kitu ni chake. Mume ana ng'ombe. Nyumba anaingia kama mgeni anayeheshimika. Yangu nilijengewa na mama mkwe nilipofika, huku mimi nikimpokeza fito na kuharibu kila nilichogusa, na ilipokwisha akanisukumia mlangoni mbele ya watu kuonyesha kuwa ni yangu. Mume wangu anayajua hayo kuliko mimi. Lakini swali liliulizwa Kiswahili, naye akajibu kama vile wanaume wanavyojibu Kiswahili.

Mama mkwe Kiswahili chake ni cha sokoni tu. Akaniuliza mwanawe amesema nini. Nikamwambia. Akatazama nyumba yake, akasema, "Basi."

Nilidhani limeisha. Kumbe aliacha kukandika.

Wasiokaa katika nyumba hizi hawajui kwamba hazimaliziki. Kila mvua inanyonya kidogo, na kila baada ya mvua mwanamke anatoka na mavi mabichi kuziba nyufa. Ukiacha, nyumba inaondoka taratibu. Mvua za mwaka ule zilikuja vizuri, zile tulizokuwa tunaziomba. Wanawake wote wa boma wakatoka kuziba. Mama mkwe akakaa nje akishona shanga. Paa likaanza kuvuja upande wa kitanda, kisha juu ya jiko, kisha ukuta wa kusini ukavimba na kufanya tumbo.

Mume wangu akamuuliza kwa nini hazibi. Alimjibu bila kuinua macho kutoka kwenye shanga zake. "Nyumba ni yako. Ikandike."

Sijawahi kuona mwanamume wa Kimaasai akikandika nyumba, na sitegemei kuona. Mume wangu akacheka cheko la kujikaza, akaenda kwenye ng'ombe. Baadaye akajaribu kuwaomba wake wa kaka zake wamsaidie. Walimsikiliza kwa heshima zote, wakasema mwenye nyumba akiwaita watakuja. Mwenye nyumba hakuita. Mume wangu akaenda Karatu, akarudi na turubai la bluu alilonunua kwa Mwarabu wa pale stendi, akalitandaza juu ya paa na kulifunga kwa kamba za katani. Upepo ulicheza nalo siku mbili tu, ukalipeleka kwenye miiba.

Mama mkwe akahamia kwangu. Aliingia na kibuyu chake cha maziwa, na ngozi yake ya kulalia, akajibanza na watoto. Hakulalamika, hakueleza. Alikunywa chai yangu akasema ina majani mengi.

Ningependa kusema nilimhurumia. Ukweli ni kwamba sikuhisi kitu. Nilipika, nilichota maji, nilisikiliza udongo ukidondoka kule kwake vipande vipande, na ndani yangu palikuwa kimya. Kama nilihisi lolote, basi ni kero. Neno moja tu kutoka kwake, akubali kwenda nasi, na mimi ningekuwa na shamba. Na neno moja tu kutoka kwa mwanawe, kwamba nyumba ilikuwa ya mama, lingemtosha yeye. Lakini mume wangu alishajua kwamba akilisema hilo, mama atakuwa na haki ya kukataa. Kwa hiyo kila mtu alikula ugali wake na kunyamaza. Ukuta wa kusini ulianguka mchana tukiwa tunapepeta maharage. Hakuna aliyenyanyuka.

Maofisa waliporudi kuhakiki walikuta fito zimesimama na lundo la udongo. Kijana akaangalia picha kwenye kishikwambi, akaangalia lundo, akauliza nyumba iko wapi. Mume wangu alichokonoa lundo lile kwa fimbo mpaka nikamwonea aibu. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba ilikuwa ya mama.

Yule kijana, na nampa haki yake, alielewa upesi. Akachuchumaa mbele ya mama mkwe, akamwamkia shikamoo, akanitaka nimuulize kama bibi anaridhia kuhama. Nikamuuliza. Akanijibu nami nikatafsiri vile vile: nyumba hakuna tena, wamuulize mwenye nyumba iliyobaki.

Kijana akanigeukia mimi. Sikuhitaji mkalimani. "Na hiyo nyingine, mama, ni ya nani?"

Nilijua mume wangu anataka jibu gani. Nilikuwa nalitaka jibu lile lile. Lile shamba nilishalilima kichwani mara nyingi, nilishapanga mbaazi zikae wapi na maharage wapi. Lakini nikiwa nimesimama pale na ungo mkononi nilifikiri jinsi mashamba ya baba yangu yalivyokwenda kwa kaka zangu, na sikuulizwa, wala sikuona kama ningepaswa kuulizwa. Na hilo la huko mbali lingeandikwa la nani. Nilikuwa nimemsikia mume wangu kwa masikio yangu akisema zote zangu.

"Ni yangu," nikasema. "Na sijaombwa."

Kijana akasema hawalazimishi mtu, familia ikielewana watarudi. Wakaondoka. Mume wangu akaniuliza kama shamba silitaki tena. Nikamwambia nalitaka sana. Akatikisa kichwa, akachukua fimbo yake akashuka kwenye ng'ombe. Jirani zetu waliojiandikisha walihama msimu ule. Sisi tupo mpaka leo, na unga tunaendelea kuununua Karatu.

Siku ile, gari la maofisa lilipokwisha kupotea, mama mkwe aliniuliza nimewaambia nini. Nilimweleza kwa Kimaa changu kibovu. Alikuwa amekaa chini, ameegemea ukuta wa nyumba yangu, miguu ameinyoosha.

"Sasa na wewe huna shamba," akasema.

Nikamwambia ndiyo, yeyo, kama huku wanavyomwita mama, sina. Akaikunja miguu, akasogea kidogo, nami nikakaa.