Mke wa Ukoo Uliolipa Jukwaa Mgongo

Ukiuliza kijijini Liushugou, utaambiwa Lou Suqin hajakosa hata mchezo mmoja wa tamasha la hekalu tangu aolewe. Ukimuuliza mwenyewe, atakwambia hajauona hata mmoja. Yote mawili ni kweli, na kama kwako hayapatani, basi hujawahi kuishi na akina Kuang.

Kijiji kile kina koo mbili, Lou na Kuang, na kati yao kuna opera moja iitwayo Magunia ya Mchanga. Ni habari ya mtunza ghala, Kuang, aliyeuza ngano ya wakati wa njaa akajaza mchanga magunini, na hakimu, Lou, aliyeugundua mchanga huo akaamuru jamaa akatwe kichwa. Akina Lou wanasema hakimu yule ni babu yao, na kila mwaka wanautaka mchezo huohuo, maana hakuna anayechoka kumwona babu yake akishinda. Akina Kuang nao hawakatai kwamba mtunza ghala ni wao. Wanachokataa ni mchanga. Ngano ililiwa na panya, wanasema. Ukiwauliza ni panya gani anayekula ngano kisha akajaza gunia mchanga na kulishona mdomo, watakujibu kwamba panya wa zamani hawakuwa kama hawa wa sasa.

Ingekuwa burudani tu, Kuang wangebaki majumbani. Lakini mchezo unachezewa Mfalme Joka, mwenye mvua, ambaye hekalu lake linatazamana na jukwaa, moja upande huu wa uwanja na lingine upande ule. Kaya isiyohudhuria huteremshiwa mvua ya mawe juu ya ngano yake. Basi wazee wa kale, baada ya kupigana kwa mabenchi mpaka wakachoka, wakaafikiana kwamba Kuang watakuja wote na watakaa wote, ila watalipa jukwaa mgongo. Hivyo ndivyo ilivyo hadi leo. Kushoto wanakaa akina Lou, macho jukwaani. Kulia wanakaa akina Kuang, uso kwa uso na mungu, wakitafuna mbegu za alizeti huku babu yao akikatwa kichwa nyuma yao.

Suqin alizaliwa Lou. Utotoni aliutazama mchezo ule akiwa mabegani kwa baba yake, akapenda kila kitu, mpaka jasho lililochirizika kwenye rangi za nyuso za waigizaji. Kisha akampenda Kuang Dehai, mwenye mashine ya kusaga, ambaye akina Lou hawanunui unga wake bila kuzamisha mkono hadi chini ya gunia. Tamasha la kwanza baada ya harusi, bibi harusi alikaa akatazama jukwaa, kama alivyozoea. Mama mkwe akamshika mabega akamgeuza kama mtu anayegeuza chapati, wala hakusema neno. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Kwa akina Kuang mwenye macho huambiwa geuka.

Alilia mwaka ule, na uliofuata. Baadaye akazoea, kwa sababu binadamu huzoea hata upumbavu. Alikalishwa safu ya mwisho, ile iliyo karibu kabisa na jukwaa, pamoja na wake wengine waliotoka kwa Lou, kwa kuwa wazee waliona heri aibu ya mchezo ule iwe karibu na mabinti wa wale walioizaa. Mbele yake alikuwa na visogo tu. Akajifunza kuusoma mchezo kwenye visogo hivyo. Hakimu akiingia, shingo za wanaume ziliiva. Mke wa mtunza ghala akiimba kuaga, mabega ya wanawake yalitikisika. Ukimuuliza yeyote baadaye, atakwambia alikuwa anasinzia.

Zilipokuja simu, vijana wa Kuang walianza kujipiga picha kwa bidii ya ajabu wakati wa mchezo, simu juu, jukwaa likionekana nyuma ya bega. Babu wa Tatu, mkubwa wa ukoo, aliligundua hilo akaweka ungo mlangoni pa hekalu, simu zote zikatupwa humo. Vikafuata vioo vya poda. Navyo vikaingia ungoni. Shemeji mmoja alikuja na chupa ya chai ya bati iliyong'arishwa kama jua, akaipakata mchezo mzima bila kunywa hata funda. Hiyo Babu wa Tatu aliiacha, kwa sababu aliona mwenyewe kwamba chai si kosa.

Katika uwanja huo ndimo alimokulia binti yao pekee, Lingzhi. Aliisikia opera kwa mgongo kabla hajajua kutembea. Nyumbani, Suqin akikanda unga wa mikate ya mvuke alivumisha nyimbo za mke wa mtunza ghala, na mtoto akajibu kutoka chini ya meza kwa sauti nzito ya mtunza ghala mwenyewe. Dehai alizima mashine ili asikie, kisha akasingizia mkanda umekatika. Sauti ile haikupungua msichana alipokua. Kundi la opera la wilaya likamchukua, wakampaka rangi za usoni za wanaume wakali, na watu wa miji mingine wakamshangilia. Kwao hakuwahi kuimba, maana kwao hutakiwa mchezo mmoja tu, na aliyemcheza mtunza ghala alikuwa mzee mmoja wa kundi hilo, asiyekubali kumwachia mtu mwingine nafasi ya kukatwa kichwa.

Mwaka huu mzee yule koo lilimkauka. Nafasi akapewa Lingzhi.

Habari ilifika kijijini asubuhi, na kufika mchana koo zote mbili zilikuwa zimegawanyika ndani kwa ndani. Baadhi ya Lou walifurahi kwamba safari hii atakatwa Kuang halisi. Wengine walilalamika kwamba damu nzito kuliko maji, binti atamtia babu yake huruma, na wao hawakuchanga ili waje kumhurumia mwizi. Upande wa Kuang, wapo waliosema afadhali sasa mzee wetu ataimbwa na mdomo wa kwao. Wapo waliouliza ni mtoto gani huyo anayepanda mwenyewe jukwaani kukatisha kichwa cha ukoo. Babu wa Tatu akatoa uamuzi: watalipa jukwaa mgongo kama siku zote, ila mwaka huu wakae wima zaidi.

Lingzhi alimpigia mama yake simu.

"Mama, safari hii unitazame."

"Nitakusikia, mwanangu. Sitakosa hata neno."

"Kusikia umenisikia tangu nazaliwa. Hata wauza siki kule barabarani watanisikia. Mimi nautaka uso wako. Nikisimama pale juu nitaona huku watu, huku visogo. Ndio nikatwe kichwa mbele ya kisogo cha mama yangu?"

Suqin alijifanya mtandao unasumbua, akakata simu.

Dehai alikuwa amesikia yote. Alijua mkewe anawaza nini, na alijua bei yake, kama kila mtu anavyoijua. Mtu wa Kuang akigeuka, amekuwa Lou. Nyama ya karamu ya mababu hapewi, na makaburini kwa Kuang hana nafasi. Nao akina Lou hawamziki binti aliyekwisha kuolewa.

"Ukigeuka, utazikwa wapi?" akamuuliza.

"Nikifa nitajua."

"Mimi na wewe tulishachagua mahali, pale kilimani penye mikomamanga. Unataka nilale peke yangu pale?"

"Baba Lingzhi, wewe ni baba yake."

"Ndiyo maana nasema. Unadhani mimi sitaki?" Akaitupia macho rafu ya vyombo. "Ing'arishe chupa ya chai."

Suqin akaing'arisha, kwa majivu na siki, mpaka mikono ikauma. Akamwambia Dehai asimame nyuma yake, akalitazama bati. Mumewe alionekana humo kama punje ya haragwe yenye kofia. Suqin akaiweka chini akacheka, kisha akaona anacheka huku machozi yanamtoka. Mtoto wa tumboni mwake, amwone kama haragwe?

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali. Mbele kabisa, karibu na hekalu, alikaa Babu wa Tatu na ungo wake uliojaa simu. Nyuma kabisa, karibu na jukwaa, alikaa Suqin, na kando yake Dehai, aliyeomba ahamie safu ya wanawake kwa kisingizio kwamba kiuno kinamuuma. Upatu ukalia. Mtunza ghala akaingia, na uwanja mzima ukasikia sauti ambayo haikuwahi kusikika mahali pale.

Lingzhi hakumtia babu yake huruma hata chembe. Alimwimba mwizi kweli, mwizi mnene, mchangamfu, anayependa maisha, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Akina Lou walikuja kumchukia wakajikuta wanamcheka kwa mapenzi. Mama mmoja wa Lou alilia wakati wa kukamatwa kwake, mumewe akamfokea, wakaanza kugombana kama huyo mtu ni wao au si wao. Wengine wakapiga kelele kwamba akatwe upesi kabla hawajamzoea. Upande wa Kuang hakuna aliyetafuna mbegu. Suqin aliona visogo vyote mbele yake vimetulia, kisha mgongo mmoja ukatoa sauti, "Safi!", ukiwa umemwelekea Mfalme Joka. Mungu alisifiwa vile mara kadhaa siku hiyo, na kwa nguvu.

Ukafika wakati wa hukumu. Mtunza ghala, ambaye muda wote amewasingizia panya, hupigishwa magoti na kukiri. Suqin aliujua wimbo ule neno kwa neno. Aliujua pia mgongo wa mumewe, na kaburi lao kilimani, na akavipenda vyote viwili. Kisha akasimama akageuka.

Alichokiona kwanza ni mgongo. Binti yake alikuwa amepiga magoti mbele ya meza ya hakimu, amewapa watu kisogo. Mkuang huyo, Suqin akawaza. Kisha Lingzhi akageuka kuimba, uso mweupe kwa rangi, nyusi kama mikia ya mbayuwayu, na macho yake yakakutana na ya mama yake.

Akasahau maneno.

Zeze likapita pale alipotakiwa kuingia, likarudi, likapita tena. Lingzhi amefungua mdomo, hakitoki kitu, rangi ya shavuni imeanza kuchirizika. Upande wa Lou makofi ya kebehi yakaanza, yale anayopigiwa mwigizaji aliyeharibu. Mwigizaji anayepigiwa hayo kwao harudi jukwaani tena.

Dehai, mgongo wake umekakamaa, akanong'ona mstari. Haukufika. Akaurudia kwa sauti. Kando yake mwingine akaushika, kisha safu ya mbele, kisha ya mbele zaidi, na kufumba na kufumbua ukoo mzima wa Kuang, wazee kwa watoto, ambao kwa vizazi na vizazi hawakuwahi kuutazama mchezo ule, walikuwa wanauimba pamoja, usoni pa mungu, bila kukosea hata mkunjo wa sauti:

"Msiwasingizie panya! Mchanga niliujaza mimi, kwa mikono hii miwili!"

Babu wa Tatu ndiye aliyeumaliza, kwa mlio mrefu wa peke yake, kama inavyotakiwa. Kisha akaelewa alichokisema. Wote wakaelewa. Kabla hawajavuta pumzi, Lingzhi akaudaka mstari akaendelea, sauti imemrudia.

Akina Lou hawakujua wafanye nini. Wengine walisimama wakashangilia kwamba Kuang wamekiri mbele ya Mfalme Joka, mambo yamekwisha. Wengine walikasirika, maana kama mambo yamekwisha, mwaka ujao watachezewa nini? Mwenyekiti wao, aliyewazidi akili, akapaza sauti kwamba mchezo urudiwe kesho, neno kwa neno, na wale wenye migongo waombwe tafadhali wasikose.

Mwanamke mmoja wa Kuang, ili kuyafunika hayo, akampelekea Babu wa Tatu mashtaka mengine. Mama Lingzhi amegeuka, akasema. Anatazama hadharani.

Babu wa Tatu hakugeuza shingo.

"Mimi sikuona kitu," akajibu. "Nilikuwa nimelipa jukwaa mgongo."

Jukwaani panga lilikuwa limeinuliwa. Suqin alisimama palepale, mikono kifuani. Dehai alimvuta nguo.

"Wameshamkata?"

"Bado."

"Anafanya nini?"

"Anatutazama."

"Mimi ananiona?"

"Anaona kisogo chako."

Suqin alizisikia pumzi za Dehai zikipanda na kushuka kama za mtu anayebeba gunia kupanda ngazi. Halafu benchi likalia, na Kuang Dehai, mwana wa ukoo wa Kuang, akasimama akageuka, palepale upatu ulipopigwa.

Jukwaani palikuwa na mkeka, na juu ya mkeka kifurushi cha kitambaa chekundu, kile kinachotupwa kuwa kichwa mwigizaji akishaondoka. Hapakuwa na mtu.

"Yuko wapi?" akauliza. "Mama Lingzhi, mtoto yuko wapi?"

"Wameshamkata."

"Sikumwona. Sikumwona hata kidogo."

Suqin akamshika mkono, mbele ya Lou na Kuang na mungu wao, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hadharani.

"Kaa," akamwambia. "Kesho wanamkata tena."

Dehai akaketi vilevile alivyokuwa amegeuka, akalitazama jukwaa tupu mpaka wauza tambi walipoanza kufunga vibanda.