Nilimfanya Marehemu Mume Wangu Rubani wa Vita

Nimekosa, wanangu. Nimekosa mbele ya Mungu, mbele ya chifu na mbele ya mbuzi wangu wote. Nilimsingizia mtu aliyekufa. Na uongo wenyewe si ule mdogo wa kufichwa chini ya mkeka. Huu ulichongwa kwenye jiwe!

Nimeambiwa anayeungama hataji jina lake. Sawa, langu sitaji. Ya wengine sikukatazwa, na mimi majina ya watu yakiingia kichwani hayatoki tena.

Mimi ni bibi wa Lodwar. Shule yangu ni gumbaru tu, ile ya watu wazima, tulikuwa tukiandika mstari mmoja na kusinzia mistari miwili. Nikikosea herufi mnisamehe. Kosa kubwa liko mbele.

Karibu na uwanja wa zamani wa ndege tuna mnara wa mawe. Juu yake imefungwa rafadha, yale makasia ya pua ya ndege yanayozunguka. Ni mnara wa marubani waliokuja wakati wa vita vya Mtaliano. Hakuna aliyewalazimisha. Walijitolea wenyewe, wakaacha mama zao na kuja kuungua jua letu, wakiruka kwenda kaskazini, kupita Lokitaung. Wengine hawakurudi.

Baba mkwe wangu, mzee Ekai, ndiye aliyekuwa akiwachotea maji. Alinisimulia kwamba ndege zao zilikuwa za mbao na turubai, na upepo wa Lodwar ukianza, wanaume walikimbia kukalia mikia yake ili zisiondoke bila wenyewe!

Vita vilipoisha, Ekai akabaki na mnara. Hakuna aliyemwajiri. Alisema mtu uliyempa maji akiwa hai humwachii mchwa akiwa amekufa. Basi akawa anapaka chokaa, anang'oa vichaka vya miba vya mathenge, anasugua bamba la shaba kwa majivu na kufukuza mbuzi wanaopenda kujikuna pale. Kusoma hakujua, kwa hiyo majina aliyaweka kichwani. Kila jioni akifagia aliyaita kwa sauti, kama mtu anavyoita mifugo irudi: Haroldi! Pita! Vani! Makenzi! Edwini!

Alipozeeka akanipa mimi ufagio, mbele ya mke mwenzangu Akiru, ambaye pia aliutaka sana. Akasema, "Huu ni wa asiyewasahau na asiyewasingizia. Ukiwasingizia, unarudi."

Wanangu, ufagio ule ndio uliokuwa cheo changu. Wengine wana digrii, mimi nilikuwa na ufagio. Hata chifu akinipita alikuwa anasema, "Ejok, Ata wa mnara!" Ejok ni salamu yetu, na Ata ni bibi. Nilikuwa navimba kama chapati.

Sasa sikieni nilivyouharibu.

Wezi wa vyuma chakavu walikuja wakang'oa bamba la majina. Na kabla hatujamaliza kuwalaani, habari ikafika kwamba Bi Doroti, binti wa yule rubani Haroldi, anakuja kuona jina la baba yake. Mama mzee, hajawahi kulishika hata siku moja. Chifu akashika kichwa. "Tutamwonyesha nini? Matundu ya misumari?"

"Majina ninayo," nikasema. Jamani, nilisema kwa madaha!

Chifu akanituma Kakuma kwa Majok. Huyu ni mkimbizi wa Sudan Kusini, anachonga misalaba ya makaburi. Mkono wake ni mzuri mpaka watu wenye afya zao huenda kujichagulia mapema. Nikamtajia majina, akachonga, vumbi likimkaa kwenye nyusi. Alipomaliza Edwini akarudi nyuma na kuliangalia jiwe.

"Haboba," akaniambia, ndivyo wanavyoita bibi kwao, "chini pamebaki wazi. Jiwe likibaki wazi hivi linakuwa kama mtu aliyekatizwa maneno. Niweke ua?"

Shetani hakunijia na pembe. Alikuja na ua!

Nikamkumbuka mume wangu Lokwang. Alifia Kalemng'orok akipeleka mbuzi, akazikwa kando ya barabara, laga, ule mto mkavu wa mchanga, ikafurika na kubeba mawe yote ya kaburi. Mwanaume wangu hana hata kokoto. Na hapa mtu anatafuta mahali pa kuchora ua!

"Kuna wa sita," nikasema.

"Anaitwa nani?"

"Lokwang."

Majok akaniangalia. "Naye alikuwa rubani?"

"Alijitolea," nikasema. Na kweli alikuwa anajitolea, hasa chakula kikiiva.

Lokwang! Mwanaume aliyezimia juu ya punda! Aliyekataa kupanda kwenye paa kuziba tundu, akasema mvua ni kidogo, tuhamishe kitanda! Na tena wakati wa vita hivyo alikuwa ananyonya. Mamake alikuwa anambeba mgongoni. Mtu angehesabu kwa vidole tu angenikamata. Hakuna aliyehesabu!

Jiwe lilipofika Lodwar, chifu akasoma majina polepole. Alipofika la sita akatoa kofia. "Mtu wetu! Ata, mbona hukutuambia?"

"Hakupenda kujisifu," nikajibu, na ulimi haukunitetemeka. Ole wangu!

Wazee wakaja na tumbaku, wakamwekea Lokwang chini ya mnara, kama tunavyowawekea wazee wetu waliotangulia. Wale wazungu watano hawakuwekewa hata punje. Wazee walipoondoka nikaona aibu, nikaigawa. Haroldi kidogo, Pita kidogo, mpaka Edwini. Mwizi nilikuwa, lakini mwizi wa haki.

Nilidhani Akiru atanifichua. Tuliolewa na mtu mmoja, anajua habari za punda. Akanivuta kando.

"We mwanamke, Lokwang aliruka lini?"

"Nyamaza, Akiru."

"Ninyamaze kwa nini? Wewe uwe mjane wa rubani, na mimi niwe mjane wa nini? Wa punda?"

Kesho yake nikamkuta sokoni, watu wamemzunguka. Mnajua wanaume wetu wakicheza ngoma huinua mikono juu, kama pembe za fahali wanayempenda. Akiru anasema eti wazungu walimwona Lokwang akicheza hivyo, mikono imetanuka, wakapiga kelele, "Huyu tayari anaruka, mpeni ndege!" Watu wakaamini! Kila alipohadithia aliongeza kitu. Mwisho Lokwang akawa ameangusha Wataliano wawili na fisi mmoja. Fisi alikuwa anafanya nini hewani sikuthubutu kuuliza.

Bi Doroti akafika. Mwembamba, ana fimbo na kofia pana. Akaweka kidole kwenye jina la baba yake, akakitembeza herufi moja moja. Halafu akanishika mikono yote miwili, akalia. Chifu akatafsiri, "Anasema baba yake na mzee wako ni ndugu wa angani, kwa hiyo wewe ni dada yake."

Hapo ndipo ningesema! Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini nikaona ufagio wangu umeegemea mnara, nikaona na Akiru anavyouangalia, nikaufunga mdomo.

Chifu akaendelea. "Amekodi ndege ndogo. Nyinyi wawili, jamaa za marubani, mtaruka mpaka upande wa Kataboi, kule ziwani alikoangukia Haroldi. Kila mmoja atasema neno kwa mtu wake. Redio ya ndege tutaiunganisha na spika hapa chini, watu wote wasikie."

Nikageuka kumtafuta Akiru. Alikuwa nyuma ya gari la kaunti. "Nenda wewe, mke mkubwa," akasema. "Mimi ni mjane mdogo."

Rubani alikuwa msichana wa Kitale, Chebet, mdogo hata kwa wajukuu wangu. Akanifunga mkanda, akanivisha vitu vya masikioni. Ndege ikaruka. Nikamkamata kola kwa mikono miwili.

"Nyanya, achilia kola yangu, naendesha."

"Endesha na kola!"

Tukafika ziwani. Bi Doroti akafungua kadirisha, akaangusha maua, akaongea taratibu. Kizungu changu ni kidogo, lakini Haroldi nilimsikia. Alimwita kama ninavyomwita mimi jioni nikifagia. Moyo ukaniuma, wanangu. Akamaliza, akanigusa bega, akasema kwa upole, "Lokwang."

Wakati huohuo ndege ikadondoka. Chebet anasema ni upepo wa kawaida. Upepo gani wa kawaida unaomtoa mtu roho na kuirudisha?

Nikapiga kelele. "Lokwang hakuwa rubani! Mungu nishushe nitasema! Alikuwa ananyonya! Alizimia juu ya punda! Ni mimi niliyemdanganya Majok! Na ya fisi si mimi, ni Akiru!"

Ndege ikatulia. Chebet hakugeuka. "Nyanya, ondoa mkono kwenye hicho kifungo."

"Kifungo gani?"

"Cha redio. Wamesikia."

"Nani?"

"Lodwar."

Tuliposhuka watu wote walikuwa wamenikodolea macho. Halafu mzee Lomuria, mmoja wa wale wa tumbaku, akaanza. Kicheko kikamkunja, akakaa chini. Kikashika wote, mpaka askari wa kaunti akaangusha rungu. Wazee wakaanza kudai tumbaku yao na kugombana ipi ilikuwa ya nani. Akiru anaapa kwamba ya fisi aliisikia kwa mtu.

Waliokuwa hawacheki ni chifu na Bi Doroti. Chifu akamweleza kwa Kizungu. Akasikiliza mpaka mwisho, akaangalia jiwe, akauliza kitu kimoja. Chifu akakitafsiri huku anaangalia chini.

"Anauliza, na baba yake je? Na jina lake nalo ulilibuni?"

Jamani! Hapo nilikufa nikiwa nimesimama. Sikuwahi kufikiria kwamba jina moja la uongo linaweza kuozesha matano ya kweli, kama samaki mmoja kwenye kapu. Mama yule amevuka dunia nzima kushika jina, na mimi nimemfanya alitilie shaka mkononi mwake!

Nikamwambia kila kitu ambacho Ekai alinipa. Kwamba Haroldi alikuwa na pengo la jino hapa mbele, na alipovaa viatu asubuhi alipiga mluzi kwa hilo pengo, mbwa wa kambi wakaja. Chifu akatafsiri. Bi Doroti akafunika mdomo. Mama yake alikuwa amemwambia habari ya mluzi huo. Akarudi kwenye jiwe, akaweka kiganja kizima juu ya jina.

Alinisamehe. Alinikumbatia hata. Lakini nilikuwa nimeuona uso wake kwa ile dakika alipokuwa hana baba, na huo uso ninalala nao.

Chifu akachukua ufagio. "Ata, Ekai alisema ukiwasingizia unarudi." Akampa Akiru. Akiru! Mama wa fisi! Nikalalamika, chifu akasema, "Yeye aliongeza tu. Wewe ndiye uliyeanza."

Majok akaja na saruji, akaziba jina la Lokwang bila kuniangalia. Sasa ile saruji ni nyeupe na laini kuliko jiwe lote, macho ya kila mgeni huanzia hapo. Wanauliza, "Hapa palikuwa na nani?" Akiru anajishika kiuno na kuwahadithia punda mpaka mwisho. Mimi nasimama pembeni na ndoo ya maji ya chokaa, maana kazi yangu siku hizi ni hiyo. Wakimaliza kucheka wanataka kuniona.

Na Lokwang alikuwa mtu mzuri, wanangu! Hakuwahi kuniinulia mkono. Mbuzi akizaa porini alimbeba mtoto ndani ya shuka lake, akaimba njia nzima. Hayo ndiyo ningeyasimulia, na yalitosha. Nimemvika mabawa, na sasa watu hata wasiomjua wanajua jambo moja tu juu yake.

Basi sikieni, mlio na marehemu mnaowapenda. Waacheni na sifa zao wenyewe, hata kama ni chache. Msiwaazime za wengine, maana wenye sifa hizo nao wana watoto. Msichonge uongo kwenye jiwe. Na ukiwa umeshauchonga, nakuomba, usikubali kupanda ndege.