Endau kwenye Ukuta wa Hoteli

Nilizaliwa upande wa Kikima, juu ya milima ya Mbooni, mahali ambapo mtoto hujifunza kutembea akiwa anapanda au anashuka. Kwetu hakuna tambarare. Shamba limekatwa matuta, nyumba imekaa juu ya tuta, na kuku akitaga vibaya, yai unaliokota kwa jirani wa chini. Asubuhi ukungu hujaa bondeni kama maziwa kwenye kibuyu, kisha jua linaunywa polepole na mashamba yanaanza kutokea, tuta baada ya tuta. Nilianza kuchora kwa sababu ya ukungu huo. Nilitaka ubaki kidogo, maana kila siku ulikuwa unaondoka kabla sijamaliza kuutazama.

Mjomba wangu alikuwa mpaka rangi wa maduka pale sokoni. Ng'ombe wote waliochorwa kwenye bucha za Kikima walikuwa wake, na wote walikuwa wanatabasamu. Yeye ndiye aliyenipa mabaki ya rangi na brashi zilizochakaa, nami nikachora kilima cha ng'ambo nyuma ya mlango wa jikoni. Mama alinigombeza kidogo, kisha akakataa mlango ule kubadilishwa hata ulipoanza kuoza.

Nilipokuwa mkubwa nilifanya uchoraji kuwa kazi. Wateja wangu wengi walikuwa wa kule Malili, kwenye barabara kuu ya Mombasa, familia zilizohamia huko kutoka milima ya kati ya nchi. Walikuwa wamejenga nyumba nzuri mahali pakavu, na sebuleni walitaka kilima kibichi cha kutazama wakinywa chai. Mimi nilikuwa na vilima vya kutosha. Nilichora Mbooni ikiwa na ukungu, Mbooni baada ya mvua, Mbooni na mahindi yamekomaa. Niliijua rangi ya kijani kama mpishi anavyoijua chumvi.

Kisha nikaolewa, na mume wangu, ambaye ni mwalimu, akahamishiwa shule ya karibu na kwao Zombe, mashariki ya Kitui. Siku tulipoondoka, Mama alinifungia ndizi, maparachichi na viazi vikuu, mzigo wa kulisha harusi. Alinishika mikono akasema, "Huko kukikushinda, rudi. Hakuna atakayekucheka."

Zombe haikunishinda, lakini brashi yangu ilikaa kimya. Ardhi ilikuwa imelala chali, nyekundu, na vichaka vya miiba mpaka macho yanapoishia, ambapo Mlima Endau umekaa peke yake kama mtu anayemngoja mgeni. Nilifungua sanduku la rangi nikaona kijani kimejaa, na sikuwa na mahali pa kukipeleka. Kwa hiyo nilikaa chini ya paa la jikoni nikaendelea kuchora Mbooni kutoka kichwani.

Mama mkwe wangu alikuwa akipepeta ndengu karibu nami. Ni mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita mbuzi waliovuka mto. Siku moja aliweka ungo chini akaja kusimama nyuma yangu.

"Hapo ni wapi, mwanangu?"

"Ni kwetu, Mwaitu," nikajibu, nikimwita mama kwa Kikamba. "Kikima."

Alitazama sana. "Ni pazuri. Watu wanashikilia nini wasianguke?"

Nilicheka. Naye akauliza, bila ubaya wowote, "Na hapa tunapokaa, hapachoreki?"

Nilimwambia ukweli, kwamba sikuwa nimeona rangi za kuchora. Alishangaa. Hakubishana, alirudi kwenye ndengu zake, lakini kesho yake asubuhi nilimkuta mlangoni ameshika viti viwili vya miguu mitatu. "Twende tukatafute hizo rangi," akasema, kana kwamba ni mbuzi waliopotea.

Tukaenda hadi ukingo wa mto wa mchanga, ule ambao kina mama huchimba visima ndani yake wakati wa kiangazi. Nilichora vibaya sana siku hiyo na siku nyingi zilizofuata. Kila kitu kilitoka kijivu, kama majivu ya jana. Mama mkwe alikuwa akisuka kikapu chake cha kyondo pembeni, akinipa maoni ambayo hayakunisaidia hata kidogo. Kila mti ulionyauka alinishauri niuache, kwa sababu unaaibisha wengine. Kila mbuzi aliyepita alitaka achorwe, tena akiwa amenenepa.

Lakini kukaa ni kukaa. Jicho likilazimishwa kubaki mahali pamoja, huanza kuchoka na ujuaji wake. Asubuhi moja niligundua kuwa vichaka vya miiba si vya kijivu. Vina zambarau ndani yake, zambarau hafifu kama ngozi ya kitunguu. Nikatazama udongo, nikaona umekuwa rangi ya ini mahali penye kivuli, na rangi ya chungwa mahali penye jua. Mchanga wa mto ulikuwa karibu waridi. Nikachanganya rangi, na picha ile ilipokauka niliipeleka nyumbani nikiwa nimeibeba mbele ya kifua ili kila mtu njiani aione. Mume wangu aliitazama, akataja mahali penyewe mara moja, hadi mawe ambayo alikuwa akiyarukia alipokuwa mdogo. Usiku ule nililala kama mtu aliyepata makaratasi ya uraia.

Picha hiyo ndiyo iliyomleta mzee wa hoteli. Alikuwa mfanyabiashara wa mifugo kutoka kaskazini mashariki, aliyekuja Zombe kununua mbuzi miaka mingi iliyopita, akapapenda, akaleta familia na kufungua hoteli ya chai karibu na mnada. Hoteli yake ilikuwa na ukuta mrefu wa nje uliopakwa chokaa, na mbele yake mabenchi ya wateja.

"Mama Mchoraji," akaniambia, "nataka huu ukuta uwe kama kalenda. Weka mlima wenye theluji. Weka mto, majani marefu, na swala wakinywa maji. Mtu akitoka mnadani na vumbi lake, akae hapa apoe."

Nilikubali. Kazi ni kazi, na ule ulikuwa ukuta mkubwa kuliko wote niliowahi kupewa. Nikachora mistari ya mlima wenye theluji. Wachuuzi wa mnada walisimama, wakatazama, wakaendelea na njia zao. Nikiwa juu ya ngazi nikageuka kupumzisha shingo, na Endau yenyewe ilikuwa pale ng'ambo, bluu, ikiwa na kiwingu kimoja begani. Niliona haya kidogo kuwa nimeipa mgongo.

Nikashuka nikamwendea mzee. "Nikuombe kitu. Nichore Endau."

Aliweka birika chini. "Endau hiyo?"

"Hiyo."

"Lakini hiyo wanaiona bure."

"Niachie upande wa mlangoni tu. Usipoupenda, nitaufuta na theluji yako nikuletee."

Alifikiri, akakuna ndevu zake zilizotiwa hina. "Sawa. Lakini ngamia wangu awemo."

Basi nikaanza na mlango, nikaenda kulia. Nilichora kiangazi kama kilivyokuwa: udongo wa rangi ya ini, vichaka vya zambarau, mto wa mchanga na kina mama wakiteka maji, Endau nyuma, na ngamia wa mzee akiwa na dharau zake zote usoni. Safari hii hakuna aliyepita bila kusimama. Mtu wa kwanza kusimama alikuwa mwenye duka la mbegu. Alitazama, akasogea, akaweka kidole ukutani.

"Huu mto si ule wa kwetu?"

"Ndio."

"Mbona nyumba yangu haipo? Iko hapa, baada ya hii migunga."

Nikachovya brashi nikamwekea paa la mabati, dogo kama ukucha. Nilikuwa nimefanya kosa la furaha. Kabla ya jioni, benchi zote zilikuwa zimejaa watu wanaotaka paa zao. Mwanamke mmoja alitaka tangi lake jipya la maji lionekane. Wanaume wawili waligombana kuhusu mpaka wa shamba, kila mmoja akinionyesha mahali ua wa miiba unapopita, nikawaambia mchoraji hana mamlaka ya ardhi, nikaficha mpaka wote chini ya kichaka. Walicheka, wakaagiza chai. Mzee alikuwa akitembea kati ya meza na birika lake la chai ya maziwa ya ngamia, na hakunikumbusha tena habari za theluji.

Mama mkwe alikuja kukagua. Alipita mbele ya ukuta taratibu, mikono nyuma. Alipowaona mbuzi wake kwenye ukingo wa mto, aliwatambua wote.

"Huyu ni yule mtundu," akasema. "Umemfanya mwembamba."

"Ni mwembamba, Mwaitu."

"Nyumbani ni mwembamba. Ukutani angeweza kupumzika."

Nikamnenepesha. Kila mtu ana haki yake ya kuombea mbuzi wake.

Nilikuwa nimefika katikati ya ukuta mvua ilipokuja. Ilianza na harufu, kisha upepo uliobeba mifuko na kofia za watu, kisha maji yenyewe. Mnada wote ulikimbilia chini ya paa la hoteli, watu na mbuzi pamoja, na kwenye mabati kelele ikawa kubwa hivi kwamba hakuna aliyejaribu kuzungumza. Tulisimama tu tukitabasamiana. Mzee wa hoteli alitoa mkono nje akaujaza maji, akajipaka usoni. Mama mkwe wangu, mwanamke mzima, alitoka akasimama katikati ya mvua na kanga yake kichwani, akacheza. Wanawake wengine wakamfuata. Mimi nami nikaenda, na rangi ya mikononi mwangu ikashuka kwenye viwiko kama vijito.

Ukuta ulikuwa salama kwa kuwa baraza lilikuwa pana. Lakini nchi niliyokuwa nachora ilibadilika mbele ya macho yangu. Katika siku chache ule udongo mwekundu ulitoa manyoya ya kijani. Vichaka vilivyoonekana vimekufa vikatoa maua meupe, na nyuki wakatokea sijui wapi. Mto wa mchanga ukashuka na maji ya rangi ya chai, ukavuma usiku kucha. Nilisimama mbele ya ukuta wangu uliofika nusu, nikiwa na brashi, sijui nifuate ipi.

Mzee akaja akasimama karibu nami. "Sasa nchi yenyewe imekubali majani," akasema. "Na wewe ukubali."

Kwa hiyo upande wa pili nikaupa mvua. Nikafungua kile kijani nilichobeba kutoka Mbooni, nikakichanganya na njano ya hapa, maana kijani cha Zombe kina haraka, kinajua hakina muda. Kutoka mlangoni ukienda kulia, kiangazi kinaanza kupasuka, mawingu yanapanda nyuma ya Endau, mto unajaa, na mwisho wa ukuta kuna mtama umesimama na watoto wanafukuza ndege. Siku nilipomaliza, mzee alichinja mbuzi. Watu walipiga picha na simu zao, wakawatumia ndugu walio Nairobi na Mombasa, na wengine wakapiga simu kuuliza kwa nini nyumba zao hazimo.

Mama alikuja kunitembelea muda mfupi baadaye. Nilimpeleka hotelini, yeye na mama mkwe wangu, wakakaa benchi moja. Nilidhani angefurahia upande wa mvua, unaofanana na kwetu. Lakini alikaa akitazama upande wa mlangoni, wa kiangazi, chai yake ikipoa. Nilianza kuwa na wasiwasi.

"Nilikuwa nakuombea kila siku," akasema mwishowe, "nikifikiri umekaa mahali kama jangwa. Kumbe unakaa hapa." Akapangusa jicho kwa ncha ya leso, kisha akamgeukia mama mkwe wangu. "Dada, kwenu ni pazuri. Lakini hamna ukungu."

"Ukungu wa nini?" mama mkwe akauliza. "Mtu aone anakokwenda."

Wakabishana mpaka chai ya pili. Mwisho wakakubaliana kwamba mmoja hawezi kushinda kabla hajaiona nchi ya mwenzake.

Ndivyo mama mkwe wangu alivyofika Kikima, kwa mara ya kwanza maishani mwake, na kyondo cha ndengu begani. Alishuka shambani kwetu akishika kila mgomba uliokuwa karibu, akimlaumu kila mtu kwa mteremko. Usiku alilala upande wa ukutani ili asibingirike. Lakini asubuhi nilipotoka na kiti changu cha kuchorea, nilimkuta yeye na Mama wameshakaa ukingoni mwa tuta, wamejifunika blanketi moja. Bonde lilikuwa limejaa ukungu hadi miguuni mwetu.

"Usiseme," mama mkwe akaniambia. "Chora."

Nikachora. Wao waliendelea kuongea kwa sauti ya chini kuhusu bei ya maharagwe na magoti yanayouma, na jua likaanza kupanda upande wa Kitui.