Aliyeitikia Makaburini

Jumamosi ile kabla ya Pasaka tulishinda makaburini tukipalilia na kupaka chokaa. Sisi Wamoravian ndivyo tulivyo: Pasaka yetu huanza kabla jua halijachomoza, kati ya wafu wetu, na makaburi husafishwa kama ua linalongoja wageni. Mimi nilizaliwa Kwihara, karibu na Tabora, nikaolewa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kongo, na mwinjilisti mwenye maneno mengi. Siku hiyo alinicheka kwa sababu chokaa ilikuwa imenifika hadi kwenye nyusi.

"Mama Neema, umezeeka kabla yangu!"

Neema, binti yetu, alikuwa Kwihara kwa bibi yake. Mpaka leo namshukuru Mungu kwa hilo.

Mchana wapiganaji walishuka kutoka milimani. Kamanda wao alitukusanya uwanjani akatangaza kwamba sala zimekwisha. Anayetaka kuishi aje anyunyiziwe maji ya dawa yao, amkane Yesu mbele ya watu. Wengine walikwenda, na siwalaumu, walikuwa na watoto wadogo. Mume wangu alirudi nyumbani, akatia makaa kwenye pasi, akaanza kunyoosha kanzu yake ya ibada.

"Baba Neema, safari hii tusalie ndani," nikamwambia. "Mungu anasikia hata chini ya kitanda."

"Anasikia. Lakini wale walionyunyiziwa leo hawatatusikia, na wao ndio wanaohitaji kusikia."

Nilimwita kichwa kigumu. Nilikasirika kweli, maana nilijua hatabadilika, na nilijua pia kwamba nitakwenda naye.

Alfajiri ukungu ulikuwa mzito. Tulikuwa wachache, tumeshikana nguo ili tusipoteane. Makaburi meupe yalionekana nusunusu, na mengine niliona kama yamesogea kutoka pale tulipoyaacha. Hakuna jogoo aliyewika. Harufu ya tumbaku ilinipitia puani, nikajiambia ni woga wangu tu.

Mume wangu alisimama mbele, akapaza sauti.

"Bwana amefufuka!"

Kabla hatujafungua midomo, sauti nzito ya mwanamume ikajibu kutoka kwenye makaburi ya zamani, ambako hakukuwa na mtu wetu hata mmoja.

"Amefufuka kweli kweli!"

Nilidhani wafu wameitikia.

Kisha bunduki ikalia kulekule.

Risasi ile haikuja kwetu.

Hapo ndipo tulipoelewa. Wapiganaji walikuwa wamelala kati ya makaburi, wakingoja tuzame katika wimbo. Mmoja wao bila shaka alikuwa mtoto wa kanisa huko alikotoka, na mdomo wake ukaitikia kama ulivyozoea kila Pasaka. Wenzake walimuua kwa neno hilo.

"Kimbieni!" mume wangu alipiga kelele.

Tulikimbia.

Yeye alibaki. Alianza kuimba kwa sauti yake yote, bunduki zimfuate yeye.

Ubeti wa pili haukuisha.

Nilivuka ziwa kwa mashua, kisha nikapanda treni kutoka Kigoma kuja Tabora. Nilikaa dirishani nikiitazama nchi ambayo misafara ya zamani iliipita na watu waliofungwa minyororo, na sikuweza kulia.

Hapa Kwihara watu huniuliza kama imani yangu haikutikisika. Ilitikisika. Nasali bado, na kuna siku nasali kwa hasira, nikimuuliza Mungu maswali ambayo hajanijibu. Mume wangu nimemlilia mpaka nimechoka. Alijua anachokifanya, na majirani walirudi wakamzika.

Yule mwingine, aliyeitikia, sijui kama alikusudia kutuokoa au neno lilimtoka tu. Nilitafuta habari zake kwa kila aliyevuka ziwa, na hakuna aliyejua hata jina lake. Huko kwao nadhani yupo mama ambaye jioni bado anamwekea chakula.