Soksi za Kijani Kapuni

Tik.

Kasauti kadogo tu. Mapazia nimeyashusha, chumba giza, namlaza binti yangu Baran usingizi wa mchana, na kompyuta chini ya kitanda ikagutuka.

Nikajua kuna mtu kaandika, nikaivuta.

Hapa Isfahani, Iran, miaka ile blogu nyingi zilikuwa zimefungiwa na serikali. Kwenye masomo ya jioni tukafundishwa programu fulani: unaipa orodha ya blogu unazozipenda, yenyewe inazipitia na kukuletea kila kipya. Tuliiita kapu. Blogu ifungiwe isifungiwe, kapu linaleta.

Aliyeandika alikuwa Shokufe, shoga yangu wa ghorofa ya juu.

Picha ya soksi za kijani za kitoto, kafuma kwa mkono wake. Chini yake: "Mimba ya tatu nayo imetoka. Mama mkwe hajui. Sitaki ajue."

Nililia kimya kimya. Kumbe Baran hajalala. Aliinua kichwa, akaitazama ile picha, akarudi kwenye mto.

Blogu ya Shokufe haikuwa imefungiwa, nikaifungua nimwandikie pole.

Hakuna kitu. Ameshafuta.

Ila kapu halijui kufuta. Likishabeba, limebeba.

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza.

Kesho yake niko saluni kwa Mahvash, tunatafuna mbegu za alizeti.

"Shokufe kapauka siku hizi. Ana nini?"

Nikamwambia. Nikamalizia, "Lakini liishie hapa hapa."

"Mimi tena? Mdomo wangu umeshonwa, shoga."

Ulishonwa kwa uzi mbovu. Siku ya tatu mama mkwe wa Shokufe akapanda ngazi, jengo zima linamsikia: "Nazikiwa wajukuu zangu, naambiwa na msusi. Kwani mimi mpita njia?"

Jioni Shokufe akashuka kwangu, macho yamevimba, kashika mfuko wake wa nyuzi.

"Ni Elahe," akasema. Mdogo wake wa tumbo moja. "Nilivyoandika alikuwa kakaa ubavuni kwangu. Dakika mbili tu, nikafuta na picha yake. Nani mwingine angejua?"

"Labda..."

"Labda nini? Nimeshamfukuza. Alhamisi anaolewa, atafute mwingine wa kumsugulia sukari. Mimi siendi."

Bibi harusi hutandiwa kitambaa juu ya kichwa, na wanawake anaowapenda husugua mabonge ya sukari juu yake, maisha yawe matamu. Dada akikosekana pale, watu wote wanauliza kuna nini. Na Elahe hana mama.

Sema, mwanamke. Sema sasa hivi.

Nikammiminia chai.

"Wadogo zetu ndivyo walivyo," nikasema.

Sentensi hiyo ndiyo inayoniuma mpaka leo. Kumwambia Mahvash ulikuwa ujinga. Hii niliichagua.

Elahe aliolewa Alhamisi ile, na Shokufe ndiye aliyesugua sukari. Nasikia alilia mpaka kitambaa kikalowa. Mimi nilibaki dirishani, nasikiliza vigelegele vya wenzangu. Miezi sita Shokufe hakunitazama. Kisha siku moja kwenye ngazi alimshika Baran shavu, akaniambia, "Anakua." Neno moja tu, lakini nililala nalo.

Nawe unayesoma: mwenyewe akifuta lake, na wewe lifute, hata moyoni. Na ukiona mtu anabeba kosa lako, usimmiminie mwenzako chai.

Maana nisijipambe hapa. Ukweli haukutoka kinywani mwangu.

Jioni ile Shokufe alikunywa funda moja, akazitoa zile soksi mfukoni, akaanza kufumua ya kwanza. Baran akaacha mwanasesere wake, akasogea, akaigusa ya pili kwa kidole.

"Mamdogo, mama alizililia soksi hizi kwenye kompyuta."